Chupa ya maji mbele ya mchoro

Watu wanaopanga kuzunguka kusini mwa Afrika kwa gari na hema ili kuona michoro ya kale ya miambani huuliza kwanza gari gani linafaa, kisha huuliza kama michoro yenyewe inaonekana vizuri. Swali hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu hamu ya kuona vizuri imekwisha kuigharimu michoro hiyo mengi.

Chukua mfano wa mchoro maarufu wa "Bibi Mweupe" katika bonde la Tsisab, kwenye mlima Brandberg nchini Namibia. Kwa miaka mingi wageni waliufikia wakiwa na chupa mkononi, wakaumwagia maji au soda ili rangi ing'ae kwa muda wa kupiga picha, na kila mara rangi ilipokauka ilibaki imefifia zaidi, hata leo mchoro umezungushiwa vyuma. Hata jina lake ni zao la mapenzi ya aina hiyohiyo. Mjerumani Reinhard Maack aliuona mwaka 1918, na baadaye padri na mtafiti wa Kifaransa Henri Breuil akashikilia kuwa ni mwanamke mwenye asili ya nchi za Mediterania, kana kwamba kazi nzuri namna ile lazima iwe na mwenyewe kutoka mbali. Watafiti wa sasa wanaona humo mwanamume, yamkini mganga, aliyechorwa na mababu wa wenyeji wa eneo lenyewe.

Hakuwa Breuil peke yake. Katika pango la Pomongwe, milima ya Matobo nchini Zimbabwe, watu waliotaka kuhifadhi michoro waliipaka mafuta, na mafuta hayo yakaifunika kwa doa lisilotoka. Jiwe la Linton, ambalo lilitoa umbo la binadamu lililomo katika nembo ya taifa ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, lilikatwa kutoka mwambani na kupelekwa makumbusho ya Cape Town. Mvua na jua vina sehemu yake katika uharibifu, lakini mashabiki nao wana yao.

Ndiyo maana natetea safari ya hema, hata kwa mtu anayemudu hoteli. Anayelala karibu na miamba ana kitu ambacho mwenye ratiba ya basi hana, yaani muda wa kungoja mwanga. Huko Twyfelfontein nchini Namibia, ambako wasanii walichonga wanyama kwenye mawe mekundu, jua la adhuhuri huyafanya maumbo yote yawe bapa, ilhali mwanga wa ubavuni wa asubuhi au jioni hutia kivuli katika kila mfereji, na yule simba mwenye vidole vitano kwenye kila mguu hujitokeza bila tone la maji. Hata vilima vya Tsodilo nchini Botswana, vyenye michoro zaidi ya 4,500, haviwezi kumalizwa kwa saa mbili. (Vumbi la barabara za changarawe ni adha kweli, na upepo wa usiku huwa hauna adabu kwa hema lililofungwa ovyo.)

Muda peke yake hautoshi, kwa hiyo siungi mkono wanaonung'unikia sharti la kwenda na kiongozi. Huko Game Pass, katika milima ya Drakensberg nchini Afrika Kusini, amechorwa pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, anayekufa huku miguu yake ikipishana, na nyuma yake mtu ameshika mkia wake, naye miguu imepishana vilevile. Mwenye haraka ataona uwindaji tu. Masimulizi ya Waxam, watu wa jamii ya Wasan wa Afrika Kusini, yaliyoandikwa Cape Town na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd tangu miaka ya 1870 ni miongoni mwa yaliyomwezesha mtafiti wa michoro ya miambani David Lewis-Williams kueleza kwamba mganga anayezama katika hali ya njozi "hufa" kama mnyama yule. Ada anayolipwa kiongozi mwenyeji naiona kuwa ndogo kwa ufunguo wa namna hiyo, tena ndiyo inayompa sababu ya kulinda mwamba msimu wa wageni ukiisha.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mtihani uleule karibu zaidi. Michoro ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati inapita Kolo, ambako magari mengi hata hayapunguzi mwendo. Atakayesimama amchukue mwongozaji wa pale, na chupa ya maji aiache garini.