Kifaru wa Kalinga na waliomchuna

Mwaka 2018 jarida la Nature lilitoa habari za kifaru aliyechimbuliwa Rizal, mkoani Kalinga, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Asilimia 75 hivi ya mifupa yake ilikuwapo, pamoja na zana 57 za mawe. Jino lake lilipopimwa, umri ulikuja kama miaka 709,000.

Je, alichinjwa kweli? Wenye shaka wana hoja: mifupa iliyolala kwenye bonde la mto hukanyagwa na wanyama na kusuguliwa na mchanga, na michubuko hiyo hufanana na chale za jiwe kali. Ila hapa mifupa 13 ina chale, mingine ikiwa mbavu, mahali ambapo mtu anayebandua nyama angepitisha jiwe lake. Tena mifupa ya juu ya miguu ya mbele, wa kulia na wa kushoto, yote miwili ina alama za kugongwa. Ndani mna uboho. Mchanga hautafuti uboho, na kwangu ubishi huo umekwisha.

Kigumu ni kujua wachinjaji walifikaje. Zama za barafu bahari ilipokupwa, Java na Borneo ziliungana na bara Asia. Luzon ilibaki kisiwa. Wapo wanaosema walivuka kwa chombo, japo cha magogo ya kufunganisha. Wengine wanasema tufani au tsunami iliwazoa pwani, wakashikilia miti iliyong'oka hadi nchi kavu.

Wanyama wanaupa nguvu upande huu wa pili. Pale pale yalipatikana mabaki ya stegodoni, jamaa wa tembo, na mababu wa kifaru mwenyewe nao walivuka maji bila mtu wa kuwaundia ngalawa. Lakini tembo ni mwogeleaji hodari, binadamu si hivyo. Isitoshe, manusura mmoja haanzishi ukoo. Lazima wawe kadhaa, wake kwa waume. Na kule Flores, Indonesia, kisiwa kingine kilichozungukwa na bahari, kuna zana za miaka milioni moja. Ajali mbili?

Hata hivyo naegemea ajali. Wangekuwa mabaharia, Australia isingekaa bila watu kwa mamia ya maelfu ya miaka baada ya hapo.

Mfupa wa mchinjaji haukupatikana Kalinga. Homo luzonensis, aina ya binadamu wa kale aliyetangazwa 2019 kutoka pango la Callao kisiwani humo humo, anavutia kuitwa mjukuu wao, ila kati yao kuna pengo la zaidi ya miaka 500,000.