Ganda mezani, michoro haipatikani

Ganda la faibaglasi la modeli ya manowari ya Uingereza HMS Warspite liko mezani, lina urefu wa sentimita 204 hivi kwa kipimo cha 1:96 (yaani meli halisi imepunguzwa mara 96), na ndani yake hamna kitu. Hamna hata alama ya penseli kuonyesha sitaha ikae wapi! Hivi mtu anauzaje ganda bila michoro?

Nimetafuta juu chini. Mchoro wa kwanza niliolipia ulikuwa wa meli ilivyokuwa mwaka 1915, ikiwa na dohani mbili, ilhali mimi naijenga ilivyotoka kwenye ukarabati mkubwa wa 1934 hadi 1937, ikiwa na dohani moja na daraja jipya lililosimama kama ghorofa. Wa pili ulikuwa wa kipimo cha 1:100. Niliulaza kando ya ganda, nikalinganisha omo (mbele) na omo, na kule tezi (nyuma) ukapungua sentimita nane nzima. Mizinga minane ya inchi 15 nitaipanga kwa kubahatisha? Wa tatu ulikuwa nakala kivuli ya nakala kivuli, mistari imefifia hata huwezi kutofautisha mlingoti na mkunjo wa karatasi.

Wenzangu mnaojenga modeli za meli hizi, ni nani kati yenu hajazungushwa hivi? Muuzaji aliyefinyanga ganda hili bila shaka alikuwa na mistari ya umbo lake, maana ganda halijitungi lenyewe. Basi mistari hiyo anaificha ya nini?