Soma udongo kabla hujang'oa mfupa

Habari za Mtoto, mabaki ya mtoto aliyefukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, kule Kilifi, Kenya, zilipotangazwa mwaka 2021, watu wengi walishika namba moja tu: miaka 78,000. Ni namba nzito, maana hakuna kaburi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika lililo kongwe kuliko hilo. Ila umri pekee hauonyeshi kwamba mtu alizikwa. Hilo lilionyeshwa na udongo, pamoja na jinsi mifupa ilivyokaa ndani yake. Hata umri wenyewe ulitoka kwenye udongo: kaboni-14, kipimo cha kawaida cha umri wa mifupa, huishiwa nguvu kwenye miaka 50,000 hivi, kwa hiyo zilipimwa chembe za mchanga kujua lini zilionwa na jua mara ya mwisho.

Mtoto huyo alikuwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mifupa yake ilikuwa imeoza mno hata isingewezekana kuifukua palepale pangoni, basi likakatwa bonge zima la udongo, likavishwa plasta, likapelekwa Nairobi kisha Burgos, Hispania, likachimbuliwa ndani ya maabara. Ndipo yalipoonekana mambo ambayo mwiko wa kuchimbia wenye haraka ungeyafuta kwa dakika tano. Udongo uliojaza shimo ulitofautiana na uliolizunguka. Mwili ulilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yakakunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga na mbavu za juu zilikaa kama za mwili uliobanwa na kitu kilichofungwa, na fuvu liliinama kama kichwa ambacho mto wake umeoza. Sanda haikuonekana, wala mto. Vyote viwili vilisomwa kwenye mkao wa mifupa.

Usomaji huu una kanuni zake. Viungo haviachani kwa wakati mmoja: vya vidole, shingo na nyayo hulegea mapema, ilhali magoti na kiuno hushikilia muda mrefu. Ukikuta vijifupa vya mkono vimepangana vilivyo, maiti ilizikwa ingali nzima na haikuhamishwa. Pia ya goti nayo ni shahidi mzuri. Ikiwa imebaki mahali pake juu ya goti lililonyooshwa, yaelekea udongo uliujaza mwili mapema. Ikiwa imeporomoka kando, na fupanyonga limefunguka kama kitabu, huenda palikuwa na uwazi ndani ya kaburi.

Hapo ndipo wageni wengi wanaweza kujikwaa huku pwani. Kaburi la mwanandani, lenye nafasi ya kumlaza maiti iliyochimbwa ndani ya shimo, hufunikwa kwa kiunza, na udongo haumgusi maiti mpaka ubao uoze. Kwa hiyo mifupa yake inaweza kusogea sawasawa na ya mtu wa jenezani, na asiyejua mwanandani ataandika "jeneza" wakati hakuna hata msumari mmoja shimoni. Mwelekeo humsaidia anayejua: kibla chetu ni kaskazini, hivyo anayelazwa kwa ubavu wa kuume kichwa chake huwa mashariki.

Kwa mtazamo wangu, karatasi ya kumbukumbu ijazwe kabla mfupa wa kwanza haujatoka, na asiyekuwa na muda wa kuijaza aliache kaburi lilale. Tafuta kwanza ukingo wa shimo, usikimbilie fuvu. Ukifika kwenye mfupa, weka mwiko kando, shika vijiti vya mianzi na brashi laini. Piga picha zenye kipimo na mshale wa kaskazini, chora, pima kina cha kila sehemu. Chukua udongo wa nyongani peke yake, kwa kuwa mayai ya minyoo ya tumboni hubaki hapo, na mwingine kutoka nje ya kaburi wa kulinganishia. Bila huo wa nje, hujui kama mayai yalitoka kwa marehemu au yalikuwamo ardhini tangu zamani. Kivuli nacho ni lazima: mfupa wenye unyevu ukipigwa na jua hupasuka, na ukifungwa mbichi ndani ya plastiki huota ukungu.

Siku hizi sifa zote huenda kwa vinasaba, na si bure. Utafiti wa 2023 uliopima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha nasaba ya Kiafrika upande wa akina mama na kwa sehemu kubwa ya Kiajemi upande wa akina baba. Kalamu na kipimo cha kina visingetoa jibu hilo. Lakini unga unaotobolewa kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani haurudi, kwa hiyo fuvu lipigwe picha za eksirei za pande tatu kwanza. Sampuli ya vinasaba ishikwe kwa glavu na isioshwe. Gundi isiguse mfupa unaosubiri kaboni-14, maana gundi nyingi hutokana na mafuta ya petroli, na kaboni yake mfu, isiyo na kaboni-14 tena, humzeesha marehemu kwa karne kadhaa.

Halafu kuna rundo la udongo uliotolewa, ambalo wengi hulipa kisogo. Mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Ukihesabu 19 na rundo halijapita kwenye chekeche la milimita mbili, huwezi kuandika kama minane iliyobaki ilichukuliwa na panya, ilioza, au imelala hapo pembeni ya ndoo yako.