Deidamia darasani

Mvulana aliyesomeshwa Kilatini Ulaya katika karne ya 13 alianza na sarufi ya Donatus, kisha mara nyingi akapewa mkusanyiko wa watunzi sita. Humo mlikuwa na mawaidha ya Cato na hekaya za wanyama za Avianus, ambazo mzazi yeyote angeziridhia. Lakini humohumo alikuwamo Maximianus, mzee anayelilia nguvu za kiume zilizomtoka, na utenzi wa Statius, mshairi wa Kirumi, kuhusu Achilles, shujaa wa hekaya za Kigiriki aliyefichwa kisiwani Scyros katika mavazi ya kike na huko akambaka Deidamia, binti wa mfalme.

Waliopinga vitabu hivi walikuwa na hoja nzito. Karne nyingi kabla, Augustino, mwanateolojia wa Kikristo mzaliwa wa Afrika Kaskazini, alikiri kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia aliyejiua kwa ajili ya mapenzi katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, ilhali nafsi yake mwenyewe iliyokuwa ikipotea hakuitolea chozi. Naye Alexander wa Villedieu, katika sarufi yake ya mashairi ya mwaka 1199, alitamka mwanzoni kabisa kwamba wavulana waisome hiyo badala ya upuuzi wa Maximianus. Namwelewa. Mtoto hukariri kabla hajajua kupima, na alichokikariri huzeeka nacho.

Hata hivyo, Kilatini hakikuwa tena lugha ya mama ya mtu yeyote, na lugha ya namna hiyo haiingii kichwani kwa kanuni tupu. John wa Salisbury, mwanazuoni Mwingereza, akiandika mwaka 1159, anaeleza jinsi Bernard wa Chartres, mwalimu wa Ufaransa, alivyofundisha: kila siku wanafunzi walirudia sehemu ya somo la jana, kisha wakatunga kwa kuwaiga washairi waliowasoma. Aliyeshonea kazi yake kiraka cha maneno ya mwandishi mwingine alibainishwa, lakini mara nyingi hakuadhibiwa. Alielekezwa namna ya kuiga kwa haki. Sarufi peke yake haizai mwandishi wa namna hiyo. Na ziko nakala za Virgil zenye alama za muziki juu ya maneno ya Dido, kwa hiyo maombolezo yake yaliimbwa. Mvulana aliyeyaimba alilazimika kutafuta pumzi na sauti ya mwanamke aliyeachwa. Kwangu hilo ni somo kubwa, na Augustino aliyapunja machozi yake thamani.

Ndiyo maana siungi mkono kuwafungia wavulana kisa cha Deidamia. Statius anasema Deidamia alipobakwa alilia hadi kilio chake kikajaa msituni na mlimani, lakini wenzake, wakizinduka usingizini, walidhani ni mwito wa kurudi kwenye ngoma ya sherehe ya usiku ule. Mwalimu angeweza kuuliza vitenzi vya beti hizo na kuendelea mbele. Angeweza pia kusimama hapo, akawauliza wavulana kwa nini hakuna aliyemsikia.