Usinibandikie Raleigh

Fundi wa pale Majengo aliizunguka fremu ya baiskeli ya babu kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akaligonga bomba la juu kwa kucha, akasikiliza. "Hii Raleigh, ya Mwingereza," akasema. Kijana wake, aliyekuwa anaziba pancha, akainua kichwa: "Chapa Swala hiyo, mzee." Mteja aliyekuja kujaza upepo naye akaapa kwamba ni ya Kihindi. Baiskeli moja, watu watatu, na hakuna mwenye shaka.

Nyumbani nako ni yale yale. Mjomba anasema babu aliinunua Kongwa kwa Mzungu aliyekuwa anafungasha mizigo, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipokufa. Mpango ule ulianza 1947, na kufika 1951 Waingereza walikuwa wameutupa. Kwamba kuna aliyeuza baiskeli yake kabla ya kuondoka, sioni ajabu. Shangazi akisikia hivyo anacheka hadi anafuta machozi. Kwake yeye, babu aliuza ndama wawili, akaenda dukani kwa Mhindi hapa Dodoma mjini, kisha akarudi kijijini akiisukuma njia nzima kwa sababu kuipanda alikuwa hajui. Hadithi ya shangazi naipenda zaidi, lakini kupenda si ushahidi.

Ninachoweza kukisema ni kile nilichokishika. Baiskeli kubwa, tairi 28, breki za vyuma si za waya, madigadi mazito, keria iliyopinda kwa magunia. Imepakwa rangi ya bluu ya milango, kwa brashi, mpaka juu ya nati. Mbele, palipokuwa na kibati cha jina, yamebaki matundu mawili.

Nilianza na msasa wa maji. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na ukizisugua kavu, vumbi lake unalivuta wewe pamoja na watoto waliokuja kushangaa. Basi maji, barakoa, na lile tope usilimwage kuku wanapodonoa. Chini ya bluu ikaja nyeusi. Chini ya nyeusi, nyekundu ya mabati. Kisha nikafungua kibanio cha pampu, ambacho nadhani hakuna aliyewahi kukigusa, na hapo chini nikakuta kijani kilichoiva, cha jani la mwembe, kimepitiwa na mstari wa dhahabu mwembamba kama uzi wa cherehani. Urefu wake haufiki kidole gumba. Nikaweka msasa chini, nikaita watu waje waone. Mke wangu alikuja, akaangalia, akasema, "Haya," akarudi jikoni.

Hapa ndipo ninapokosana na mafundi wengi. Kwao kukarabati ni kukoboa mpaka chuma kiwe cheupe, halafu kupuliza. Kazi inatoka safi, sikatai. Lakini baiskeli isiyo na risiti, isiyo na kibati, ambayo wenye nayo wa kwanza wamekwishazikwa, karatasi zake ni zile rangi. Ukizikoboa zote umechana cheti cha kuzaliwa cha mtu kwa sababu kilikuwa na vumbi.

Krenki, ile mikono ya pedeli, nazo zilikuwa na neno. Zile pini zake zilikuwa zimeganda, na ushauri wa kila mpita njia ulikuwa nyundo. Ukizipiga hivi hivi, kishindo kinaishia kwenye gololi na vikombe vyake. Mimi nilikata kipande cha bomba, nikakisimamisha chini ya krenki, juu ya jiwe, ili uzito wote ubebwe na bomba. Nikaloweka mafuta siku mbili, ndipo nikapiga pigo moja la maana. Ikatoka. Vikombe vilikuwa vimelika, nikanunua vipya dukani. Kikombe kikaingia mzunguko mmoja na nusu, kikagoma. Fundi akataka kukilazimisha kwa spana ndefu. Nikamzuia.

Kikombe kile kipya kilikuwa na uzi wa 24, yaani mizunguko 24 ya skrubu kwa kila inchi, ambao ndio wa kawaida. Tulipohesabu uzi wa kile cha zamani tukapata 26, na huo ni uzi wa kiwanda cha Raleigh cha Nottingham. Fundi akapiga makofi: "Si nilikwambia!" Nami kwa dakika tano nilifurahi. Kisha nikakumbuka kwamba Raleigh walichukua baiskeli za Humber mwaka 1932 na Rudge mwaka 1943, na wakawa wanazitengeneza kwa uzi ule ule. Tukafungua mbele, foku, ule uma unaoshika gurudumu, ikasoma 24. Kwa hiyo foku ni ya kwingine, sahani ya cheni ya kwingine tena, na fremu ni ya mmoja katika ukoo mkubwa wa Nottingham. Zaidi ya hapo ni kupiga ramli.

Ramli haikumzuia fundi kutoa stika. Anazo bahasha nzima. "Nikubandikie Raleigh, kaka. Siku ukiuza, jina linauza." Na ni kweli linauza, sitamdharau kwa hilo, yeye anaishi kwa hizo baiskeli. Ila yule atakayeinunua kwangu ataliamini jina. Ataagiza foku ya Raleigh, ya uzi wa 26, aje kuifunga na vikombe vya mbele, ambavyo ni vya 24, halafu atoke spana ndefu. Stika ya uongo si pambo tu, inaharibu chuma.

Upakaji wenyewe ulinifundisha adabu. Niliibeba fremu kwa bodaboda mpaka duka la rangi za magari, wakachanganya kijani kwa macho, jaribio la tatu likakubali. Lakini kupaka rangi Dodoma wakati wa kipupwe ni ubishi. Upepo ukianza saa nne asubuhi, hakuna kilicholowa kitakachobaki kisafi. Mkono wa kwanza wa rangi ulikauka na vumbi jekundu, ukakwaruza kama ulimi wa ng'ombe; nikasugua, nikarudia. Safari ya pili niliamka saa kumi na moja, nikamwagia uwanja maji, nikatundika fremu kwenye mwarobaini, nikapuliza mikono myembamba mitatu kabla jua halijachomoza vizuri. Madigadi la nyuma nililiegesha ukutani, mbuzi wa jirani akaja kujikuna. Manyoya mawili matatu bado yamo, yaangalieni mkipita.

Kile kipande cha kidole gumba nilikiziba kwa selotepu wakati wa kupuliza, kikabaki kilivyo, nimekipaka vanishi tu. Mstari wa dhahabu sikuuendeleza.

Jumapili shangazi alikuja kuiona. Alipitisha kidole kwenye matundu mawili ya mbele, akauliza nitaweka nini hapo. Nikamwambia nimeyajaza nta ya mshumaa, maji ya mvua yasiingie.