Kulipia maudhui ya kikubwa kutoka kwa mtu wa ukanda wako: nani anabeba hatari?

Watu wazima wanaolipia picha na video za kikubwa mtandaoni ni wengi mno sasa, na kulinong'oneza suala hili hakumsaidii yeyote. OnlyFans, jukwaa la kujiunga kwa ada lililoanzishwa London mwaka 2016, lilipitisha malipo ya zaidi ya dola bilioni 7 za Marekani katika mwaka wake wa hesabu wa 2024. Ndani ya soko hilo wapo wanaotafuta mtu wa karibu nao: anayeongea lugha yao, anayefanana nao, ambaye utani wake wanauelewa bila kutafsiriwa. Nadhani ukaribu huo ndio unaouza, na ndio pia unaozidisha hatari, hasa kwa aliye mbele ya kamera. Kwa hiyo mteja anayeuliza "nitajilindaje?" ameuliza nusu tu ya swali.

Wanaoutetea mfumo wa kujiunga kwa ada wana hoja nzito. OnlyFans huchukua asilimia 20 na kumwachia mwenye akaunti asilimia 80. Yeye ndiye anayepanga bei, anayeamua apige picha gani na asipige gani, na anayemfungia mlango mteja msumbufu. Linganisha na tovuti za bure. Desemba 2020, Visa na Mastercard zilikatiza malipo kwa Pornhub baada ya gazeti la New York Times kueleza jinsi video za watoto na za watu waliobakwa zilivyokuwa zikiwekwa humo, na tovuti hiyo ikaondoa mamilioni ya video zilizopakiwa na watu ambao utambulisho wao haukuwa umethibitishwa. Kuanzia Oktoba 2021, Mastercard ilitaka tovuti za aina hii ziwe na kumbukumbu za umri, utambulisho na ridhaa ya kila anayeonekana kwenye picha. Ukilipa kwenye jukwaa linalofuata utaratibu huo, angalau kuna kitambulisho cha mtu kilichokaguliwa mahali fulani. Kwenye magrupu ya Telegram yanayouza "koneksheni", yaani video za ngono zilizovuja, hakuna hata hicho.

Hata hivyo, kitambulisho kinathibitisha kwamba mtu yupo na ametimiza miaka 18. Hakisemi nani anashika nywila, nani anapokea pesa, wala nani amesimama nyuma ya kamera akitoa amri. Wakosoaji wanaposema ridhaa ya mtu mwenye njaa au mwenye mpenzi anayemlazimisha si ridhaa kamili, sioni namna ya kuwapuuza. Ila sikubaliani nao wanapohitimisha kwamba kila anayeuza ni mhanga. Wapo wanaoendesha kazi hii kwa akili na mipaka yao wenyewe, na kuwaita wahanga kwa nguvu ni kuwanyang'anya sauti. Mteja hawezi kuumaliza mjadala huo. Anachoweza ni kukataa kulipa pale dalili zinapomwonyesha kuna mtu mwingine anayeendesha mambo.

Dalili moja inaonekana vizuri zaidi kwa wateja wa ukanda uleule, nayo ni lugha. Kwenye ukurasa, mwenye akaunti anaandika kama mtu wa kwao, anakatisha maneno, anataniana. Ukiingia kwenye ujumbe binafsi unakuta sentensi zilizonyooka kama za barua ya ofisini, majibu yanakuja saa zote za usiku, na kila baada ya mistari mitatu kuna video mpya ya kulipia. Hapo yaelekea unachati na mfanyakazi wa wakala, au na programu. Kampuni za uwakala huajiri watu wa kuchati kwa niaba ya wenye akaunti, na mwaka 2024 wateja nchini Marekani walifungua kesi wakidai wametapeliwa kwa mtindo huo. Kwa anayetaka video tu, huenda hilo lisimsumbue. Lakini kama unalipa kwa sababu unaamini unazungumza na mtu fulani, na umemsimulia mambo ya ndani ya maisha yako, basi siri zako ziko mikononi mwa watu usiowajua.

Dalili nyingine zinahitaji subira tu. Angalia ukurasa una umri gani na kama unaongezewa vitu mara kwa mara. Angalia kama kiungo cha kujiunga kinatoka kwenye akaunti yake ya kawaida ya mitandao ya kijamii, si kwenye akaunti ya shabiki. Ipakie picha yake ya utambulisho kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, uone inatokea wapi kwingine mtandaoni. Ikitokea kwa majina manne tofauti, ondoka. Siku hizi kuna sura zilizotengenezwa kwa akili mnemba pia, hivyo mtu ambaye hajawahi kuonekana mbashara hata mara moja anastahili kushukiwa kidogo. Akaunti moja inayotangaza wanawake kumi wasiojitambulisha popote ni ya kukimbia kabisa.

Malipo ndiyo yanayowaangusha wengi. Maneno ya kawaida ya tapeli ni haya: "jukwaa linanikata, nitumie moja kwa moja nikupe kwa nusu bei." Ukituma kwa pesa za simu, mara nyingi jina ulilosajilia laini linamtokea mpokeaji. Sasa ana jina lako kamili, namba yako, na ujumbe unaoonyesha ulichokuwa unanunua. Kumtishia mtu kwa vitu hivyo vitatu ni kazi ya dakika tano. Ndani ya jukwaa, mwenye akaunti haoni kadi yako, anaona jina ulilochagua. Tumia barua pepe ya pekee, nywila ya pekee, uthibitisho wa hatua mbili, na kama benki yako inatoa kadi ya mtandaoni unayoiwekea kiasi maalumu, hiyo ndiyo ya kutumia. Kumbuka kuzima kujirudia kwa malipo ukishajiunga. Muda uliolipia utaendelea hadi uishe. Na usidhani tovuti yenyewe haiwezi kuvuja. Mwaka 2015 wadukuzi walimwaga hadharani taarifa za mamilioni ya watumiaji wa Ashley Madison, mtandao wa kutafuta wapenzi wa nje ya ndoa uliowaahidi watu waliooa na kuolewa usiri.

Vitisho vikishaanza, usilipe. Anayelipa mara moja huombwa tena. Hifadhi ujumbe, funga mawasiliano, ripoti kwenye jukwaa na polisi, na mwambie mtu mmoja unayemwamini. Aibu ndiyo silaha pekee ya mtishiaji.

Upande wa pili wa ukaribu ndio unaonigusa zaidi. Muuzaji anayetazamwa na watu wa mbali hana wasiwasi mkubwa wa kukutana nao dukani. Anayetazamwa na watu wa kwao anatambulika kwa sauti, kwa pazia, kwa ukuta wa nyumba ya jirani unaoonekana dirishani. Ndiyo maana baadhi ya wenye akaunti huzuia ukurasa wao usionekane katika nchi wanayoishi, na majukwaa yanawapa kitufe cha kufanya hivyo. Mteja anayewasha VPN, programu inayoficha nchi aliyopo, ili aupite uzio huo anasema anajilinda faragha yake. Mimi naona anavunja ya mwenzake. Mtu amekwambia wazi kwamba hataki watazamaji wa nchi yake; tafuta mwingine aliyeufungua mlango. Vivyo hivyo kwa anayenasa skrini na kumrushia rafiki "mmoja tu". Kwenye ukanda mdogo, rafiki wa rafiki ni shemeji wa mtu.

Sheria nazo hazifanani, na mnunuzi hawezi kuiegemea sheria ya nchi ya tovuti. Sweden, tangu Julai 2025, imefanya kumlipa mtu afanye tendo la ngono mbele ya kamera kwa agizo lako kuwa kosa, ingawa kununua video iliyokwisha kurekodiwa hakukuguswa. Kuna nchi ambako hata kusambaza picha hizo ni jela. Soma sheria ya unakoishi kabla ya kadi yako kukatwa.

Na ukikuta mtu anaonekana mdogo, au analia, au picha zake zinauzwa na ex wake, usipakue kwa nia ya kutunza ushahidi. Kumiliki picha ya ngono ya mtoto ni kosa katika nchi nyingi hata kama nia yako ni njema. Nakili anwani ya ukurasa, iripoti kwa jukwaa na kwa polisi. Kama mhanga ni mtu mzima unayemfahamu, mwelekeze StopNCII.org: huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yake mwenyewe, picha yenyewe haitumwi popote, na kampuni shiriki huitumia alama hiyo kuizuia isisambae.