Kiharusi: Sindano Inayosingiziwa

Mzee ameketi barazani Likoni, kikombe cha kahawa kimemponyoka, mdomo umekwenda upande. Wa kwanza husema ni upepo mbaya. Wa pili hutafuta tuktuk. Feri yenyewe bado iko ng'ambo ya pili, na kwa hesabu ya madaktari kila dakika mshipa ukiwa umeziba hufa seli za ubongo zapata milioni 1.9.

Mabishano siku hizi ni haya: bonge la damu liyeyushwe kwa sindano, au lichomolewe kwa waya unaopitishwa mshipani kutoka kwenye kinena? Waya una sifa zake, sizikatai. Majaribio ya 2015 yalionyesha kuwa mshipa mkubwa ukiziba, waya hushinda dawa pekee. Na tangu 2018 waya huwafaa baadhi ya wagonjwa hata hadi masaa 24 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho. Ila waya huo wataka mitambo, mtaalamu wa kazi hiyo hasa, na pesa. Vimishipa vyembamba haufiki.

Sindano ndiyo inayosingiziwa. "Itamvujisha damu kichwani!" Yaweza, kweli. Katika utafiti wa Marekani wa 1995 ulioipa jina alteplase, dawa ya sindano hiyo, 6.4 kwa 100 walivuja damu ubongoni, dhidi ya 0.6 ya wasiopewa. Wengi husoma hapo wakafunga ukurasa. Wangeshuka mistari michache tu: baada ya miezi 3 walikuwa wamekufa 17 kwa 100 ya waliodungwa, na 21 kwa 100 ya wasiodungwa. Kuvuja kote huko, na vifo havikuzidi. Waliobaki na ulemavu mdogo au bila ulemavu kabisa ndio waliozidi upande wa waliodungwa. Anayemkatalia babake kwa hofu ya wale 6 hajahesabu miaka ya kumgeuza kitandani.

Hata katika jaribio la Uholanzi lililoupa waya heshima, karibu 9 kwa 10 walidungwa kwanza. Na sasa kuna tenekteplase, dawa nyingine ya kuyeyusha bonge, ya kudungwa mara moja kwa sekunde chache, ilhali alteplase hutiwa kwa dripu saa nzima.

Sharti picha ya CT, ya kuonyesha ndani ya kichwa, itangulie, maana mshipa uliopasuka ukidungwa ni balaa (aspirini ya nyumbani nayo ingoje). Kisha daktari atauliza: mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa lini? Masaa 4 na nusu ya sindano huanzia hapo. Dereva wa tuktuk hawezi kumjibu; aliyemmiminia mzee kahawa anaweza, naye kaachwa barazani anaokota vigae.